Mlinzi wa Mto na Mdogo Wangu Danford

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ya kweli imepiga leo, siyo ile ya wiki iliyopita iliyolowesha vumbi ikaondoka. Nimemshukuru Mungu, halafu dakika ileile nikanung'unika, kwa sababu dishi lilipoteza mawimbi katikati ya Mlinzi wa Mto na sisi tulikuwa tumeshakaa mkekani na chai zetu.

Tangu Baba Laurence afariki, nyumba hii ina maneno machache. Mwanangu Laurence yuko Tabora na kazi yake. Lakini ikifika jioni ya tamthilia, sebule inajaa. Anakuja jirani yangu wa ukuta mmoja, Cecilia, mama yake Glory, ambaye kabla ya kunisalimia huuliza, "Imeanza?" Anakuja Kasimu fundi madishi, eti kukagua kama picha iko sawa, na anaikagua mpaka kipindi kiishe.

Tamthilia yenyewe ni ya Wahindi wa kale, maneno wameyaweka Kiswahili huko Dar. Samaran ni kaka mkubwa wa nyumba ambayo mungu wao wa mvua aliikabidhi mlango wa mto. Mlango ule unazuia maji yasishuke bondeni kabla ya wakati. Samaran ameapa mbele ya moto kwamba atakayeufungua kwa siri atamtaja mbele ya mfalme, hata awe nani, na mtu huyo atafukuzwa mjini asirudi. Ana mdogo wake, Ketan, kijana mcheshi, amemlea yeye mwenyewe.

"Huyu Ketan ataleta balaa," nilisema. "Mwenye meno mazuri vile hawezi kuwa mkweli."

"Basi wewe Mama Lau hutaolewa tena," Cecilia akasema, "maana unatafuta mapengo."

Kasimu akadakia, "Mimi ninachoshangaa ni huyo mungu wa mvua. Anaongea kama kondakta wa Temeke."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepanda karanga. Mgongo.

Jumapili, 24 Novemba

Danford alikuja baada ya misa, amenyoa vizuri, kaleta kilo mbili za nyama. Nilijua ana jambo. Mdogo wangu huyu mama alituachia hajaacha kunyonya. Nilimbeba mimi, nilimkorogea uji mimi, na nilipoolewa nilikwenda naye. Sasa ni mtu mzima ana duka lake la mchele Majengo, mchele anaununua mwenyewe huko Mpimbwe.

"Dada, nataka kuoa. Ndoa ya kanisani."

Nikapiga kigelegele kabla hajamtaja mtu. Kisha akamtaja. Glory wa Cecilia! Mtoto niliyemwona anatambaa kwenye uwanja huu huu. Nikapiga kingine, halafu cha tatu kikanikwama kooni.

"Na Christina?"

Christina ni binti wa Kisukuma wa Kasansa, hukohuko Mpimbwe. Miaka minne iliyopita tulikwenda kwao na ng'ombe, mimi ndiye niliyesimama mahali pa mama. Wana mtoto mmoja wa kike. Huku Mpanda hajawahi kuishi, na watu wa huku hawamjui.

"Yaliisha, dada. Hakutaka kuhamia mjini. Baba yake alisharudisha ng'ombe, nikawauza mnadani."

"Wamerudi lini? Mbona sikuitwa? Waliopeleka ng'ombe ndio wanaokwenda kuwapokea."

"Ilikuwa haraka haraka. Wewe ulikuwa unaumwa mgongo. Ningekusumbua?"

Na kweli mwezi wa nane niliumwa mgongo. Ng'ombe wakirudi, ndoa ya kimila imekufa, kila mtu ana haki ya kuanza upya. Tukala nyama. Alipoondoka aliniinamia nimguse kichwa kama zamani.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Nilimfuata katekista Deusdedit nyuma ya kanisa nimuulize jambo linalonisumbua. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Ana, na kila jioni natazama miungu yenye mikono sita. Je, ni dhambi?

Akafikiri. "Unatazama au unaabudu?"

"Natazama."

"Basi tazama. Ila wakipiga magoti, wewe usipige."

Nikashukuru, nikageuka. Akaniita. "Mama Lau, jana kwangu umeme ulikatika. Ketan alikwenda mtoni au hakwenda?"

Alhamisi, 5 Desemba

Ketan kafungua mlango! Shamba lake lilikuwa linakauka, akasema maji kidogo tu, nani atajua. Maji hayakumsikiliza. Kijiji cha bondeni kimekwenda chote na watu wake. Samaran asubuhi akakuta kikuku cha Ketan kwenye tope pale mlangoni. Akakiangalia muda mrefu, muziki unalia, kisha akakifunga kwenye shuka lake.

"Amefanya vizuri," Cecilia alisema, huku anafuta machozi na kanga. "Kaka ni wa nini kama hakufichi?"

"Na wale waliozama? Wao hawana kaka?"

"Wale wameshazama, Mama Lau. Ketan bado yuko hai."

Jumanne, 10 Desemba

Mvua. Mahindi ya Cecilia yametoka, yangu bado. Yeye anasema ni kwa sababu mimi nina roho ngumu hata mbegu zinaniogopa.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Danford kanipa kitenge, Cecilia kampa kinachofanana nacho. Tumekaa kanisani kama mapacha. Watu wa benchi la nyuma wanasema tumeshakuwa ndugu kabla ya ndoa. Nilifurahi sana, naandika ili nisisahau kwamba nilifurahi.

Jumatatu, 13 Januari

Palizi. Kwenye tamthilia wamemkamata mvuvi mmoja maskini, wanasema ndiye aliyefungua mlango. Samaran anajua siyo yeye. Amekaa kimya. Mama yake kamshika miguu: "Nilikunyonyesha wewe nikamnyonyesha na yeye. Ukimtaja, umekata ziwa langu."

Cecilia alikuwa upande wa yule mama. "Asimtaje! Nyie mnaosema sheria, sheria, hamjazaa wawili." Hapo alinichoma, maana mimi nilijaliwa mmoja. Mara moja akajua, akanishika goti. "Nisamehe, Mama Lau. Lakini na Danford si ulimlea? Ungemtaja wewe?"

"Ningemtaja," nilisema. Nilisema upesi, kama mtu anayejibu katekisimu.

Kasimu akacheka. "Mdomo wa mtu aliyeshiba huo."

Jumamosi, 25 Januari

Leo jumuiya ilisali kwangu. Kabla ya mtu kutangazwa ndoa kanisani, kwetu lazima jumuiya imshuhudie, na mwenyekiti ndiye anayeuliza. Danford na Glory walisimama katikati. Glory kavaa gauni la bluu. Niliuliza kama inavyotakiwa, "Je, mnawafahamu hawa? Kuna anayejua kitu cha kuzuia?" Wote kimya. Kisha ikawa zamu yangu mwenyewe kusema. Nikasema, "Huyu kijana nimemlea, namfahamu. Hana kizuizi."

Vigelegele. Telesfori, katibu wetu, akapiga ngoma mpaka mkono ukamuuma. Ndoa ni tarehe moja Machi, kabla ya Kwaresima.

Jumapili, 2 Februari

Tangazo la kwanza limesomwa. "Danford na Glory, wote wa parokia hii. Mwenye kujua kizuizi anawajibika mbele ya Mungu kutoa taarifa." Paroko husoma haraka kama ratiba ya usafi. Cecilia alinibana mkono.

Alhamisi, 6 Februari

Mungu wangu.

Simu iliita nikiwa jikoni. Namba siijui, sauti ya mwanamke, nyuma yake mbuzi wanalia.

"Mwadila mayu." Hivyo ndivyo Wasukuma wanavyomsalimia mama jioni. "Mayu, ni mimi mkwe wako, Christina."

Nikakaa kwenye kinu.

"Mtoto amezaliwa, mayu. Juzi. Wa kiume. Danford simpati, simu yake haiiti. Baba amesema nikupigie wewe, jina lije kutoka kwenu."

Kwao mtoto wa ndoa jina lake hutoka kwa watu waliotoa ng'ombe. Kama ng'ombe wamerudi, mtoto ni wa nyumba ya babu yake, na babu anampa jina mwenyewe siku hiyo hiyo bila kumpigia mtu. Sikutaka kuuliza. Nikauliza.

"Mwanangu, ng'ombe je?"

Hakuelewa. "Ng'ombe gani, mayu? Wapo. Yule mwekundu alizaa mapacha, Danford alipokuja mwezi wa kumi alifurahi sana. Hakukwambia?"

Mwezi wa kumi. Na mwezi wa kumi na moja ndiyo alikuja kwangu na nyama.

"Nipe siku kidogo nifikiri jina," nilisema.

"Sawa, mayu. Lakini zisiwe nyingi. Mtoto akikaa bila jina watu wanasema hana kwao."

Jioni Cecilia alikuja na kuuliza imeanza. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaenda kwake, akaniletea uji wa ulezi wenye ndimu.

Ijumaa, 7 Februari

Sikulala. Mvua siku nzima. Rozari nimeisali mara nyingi na kila mara napotea katikati.

Kama nitatoa jina, nimekiri kwamba Christina ni mke. Kama sitatoa, nimemfuta mtoto wa watu. Na kama nitakaa kimya tu, Glory ataingia kanisani kwa neno langu, siyo la Danford. Neno langu.

Jumamosi, 8 Februari

Tulifundishwa kwamba ndugu akikosa, uanze kumwendea mkiwa wawili tu. Nilikwenda Majengo na mwavuli uliovunjika. Danford alikuwa anapima mchele. Aliponiona uso alimwambia mteja arudi baadaye.

"Christina kajifungua. Wa kiume. Ng'ombe wapo, mmoja kazaa mapacha."

Hakukana. Hilo nilimshukuru. Alikaa juu ya gunia.

"Dada, yule nilimwoa kimila. Kanisani sijaoa mtu. Kwa kanisa mimi ni kapera."

"Usiniletee maneno ya mwanasheria. Ulilala kwake mwezi wa kumi."

"Nimemzoea Christina. Glory nampenda."

"Christina je, anajua amezoewa tu?"

Akafuta mizani kwa kiganja. Kisha akasema, sauti ya chini, sauti yake ya utotoni kabisa, "Dada, niache. Hii moja tu. Kasansa ni mbali, nitawatunza, mtoto hatakosa. Nani ataumia? Hakuna anayejua ila wewe."

Maji kidogo tu, nani atajua. Nilishika fremu ya mlango.

"Mwambie Glory mwenyewe," nilisema. "Nakupa nafasi hiyo. Ukimwambia wewe, huenda akakusikiliza."

"Ukisema wewe," alijibu, "sina dada."

Nilitembea mpaka kwangu Kawajense bila kufungua mwavuli.

Jumapili, 9 Februari

Tangazo la pili. Danford alikaa upande wa wanaume, amenyooka. Hajamwambia. Nilijua kwa jinsi Glory alivyokuwa anatabasamu. Paroko aliposema "mwenye kujua kizuizi" nilitazama viatu vyangu. Vina tope la Majengo, sikuvisafisha.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeanza kumwonea huruma Samaran. Zamani nilikuwa nampigia kelele kwenye kioo, "Sema basi, wee!" Leo niliona jinsi anavyokula. Anapeleka tonge mdomoni, analirudisha. Aliyeandika hii tamthilia anamjua mtu mwenye siri. Yule mvuvi Alhamisi anahukumiwa.

Cecilia bado yuko upande wa mama yake Samaran. "Wakimtaja Ketan mimi sitazami tena." Nikataka kumwambia, Mama Glory, mvuvi ni binti yako. Sikusema. Nikamwongezea sukari.

Jumatano, 12 Februari

Danford hapokei simu. Karanga zimeota majani mazuri mno. Sitaki kuziangalia.

Alhamisi, 13 Februari

Leo ndiyo ilikuwa siku ya hukumu kule kwa mfalme, na mimi nilisema moyoni, na Mungu anisamehe ujinga huu, nitafanya atakachofanya Samaran. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mwenyekiti wa jumuiya.

Samaran akaingia uani kwa mfalme. Mvuvi amefungwa kamba. Mfalme akauliza, "Mlinzi wa mto, nani alifungua mlango?" Samaran akafungua mdomo. Radi ikapiga. Siyo ya kule, ya kwetu. Dishi likaanguka kutoka ukutani, kioo kikawa cheusi, umeme ukakatika Kawajense yote. Cecilia alipiga yowe kama kafiwa.

Tulikaa gizani tunasikiliza mvua.

Ijumaa, 14 Februari

Kila mtu ana Samaran wake. Recho wa saluni, ambaye alitazamia kwa dada yake Majengo, anasema alimtaja mdogo wake na mvuvi akafunguliwa. Kasimu, alipokuja kufunga dishi, anaapa kwamba Samaran alijitaja mwenyewe badala ya Ketan. "Nimeona kwa macho yangu." Nilipomuuliza alitazamia wapi wakati umeme haukuwepo, akasema aliambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake.

Cecilia anasema hataki kujua.

Nikamwambia Kasimu aache kwanza dishi, asiliwashe.

Kwa Samaran ni mto, mfalme na kiapo cha moto. Kwangu ni Glory, aliyetambaa kwenye uwanja huu, na Christina anayesubiri jina huku simu iko mkononi. Mungu hakuniuliza atafanya nini Samaran.

Jumamosi, 15 Februari

Nimesema.

Nilikwenda kwa Cecilia mchana, maana sikutaka walisikie kanisani kama watu wengine. Walikuwa uani wanachambua mchele wa sherehe kwenye ungo, mama na binti, redio inaimba. Nikaomba wazime redio. Cecilia akacheka, "Mwenyekiti, kuna msiba?"

Nikasema yote. Kasansa, ng'ombe, mtoto wa kike, mtoto wa kiume, simu. Nilisema na kwamba pale jumuiyani nilishuhudia kitu nilichoambiwa, sikwenda kukihakikisha, nami nilijua mila inataka niende.

Cecilia alisimama. Mchele ukamwagika, kuku wakaja mbio, hakuna aliyewafukuza.

"Umejua lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Alhamisi!" Akapiga makofi mara moja. "Jumapili ulikaa pembeni yangu. Nimekuletea uji! Umekunywa uji wangu na mtoto wangu anauzwa!"

"Nilitaka aseme mwenyewe."

"Wewe si ndiye wa kiapo ni kiapo? Wewe si ndiye wa 'ningemtaja'? Siku zote hizo ulikuwa unasubiri nini, muziki?"

Nikainama, nikaanza kuzoa mchele kwa mikono.

Glory hakulia. Alikuwa bado ameshika ungo mtupu. Akauliza jambo moja tu. "Huyo mtoto mchanga, anaitwa nani?"

"Bado hana jina."

"Kwa nini?"

"Linasubiri kutoka kwetu."

Akaweka ungo chini polepole. "Basi mpeni," akasema, na akaingia ndani.

Jumapili, 16 Februari

Nilimwona Paroko sakristia kabla ya misa ya kwanza. Alinisikiliza akiwa ameshika mkononi alba, kanzu yake nyeupe ya misa. Akasema nimefanya nilichopaswa, lakini nilipaswa mapema. Nikasema ndiyo, Padri.

Ulipofika wakati wa matangazo alisoma ya ndoa nyingine, ya usafi, ya kwaya. La Danford na Glory hakulisoma. Kanisa zima lilisikia alichokiruka. Watu waligeuka. Cecilia hakuwepo. Danford alikuwepo. Alinitazama kutoka upande wa wanaume, siyo kwa hasira, hilo ningelivumilia. Alinitazama kama mtoto uliyemwachia mkono sokoni.

Alikuja baadaye, hakukaa. Alitoa mfukoni picha yetu ya zamani, mimi nimembeba mgongoni, akaiweka juu ya meza. Akaondoka. Nilimwita mpaka barabarani.

Jioni nilipiga Kasansa. "Christina, jina ni Thadei. Ni jina la baba yetu."

Alilirudia mara mbili kulionja. Nyuma nikasikia mzee wake anasema kitu kwa Kisukuma na watu wakacheka vizuri. Kisha nikamwambia na yale mengine, kwa sababu na yeye alistahili. Mtoto akalia, nikamsikia anambembeleza. "Asante kwa jina, mayu," alisema mwishowe.

Jumamosi, 22 Februari

Nimewaomba jumuiya wachague mwenyekiti mwingine. Nilishuhudia kwa kuambiwa, siyo kwa kujua. Wamemweka Telesfori. Mama mmoja alinikumbatia. Mwingine alisema mpaka nisikie, "Dada gani huyu? Mimi mdogo wangu hata akiua namfulia nguo."

Jumamosi, 1 Machi

Leo ndiyo ingekuwa siku yao. Mvua haikunyesha. Hali ya hewa nzuri kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu.

Alhamisi, 13 Machi

Kasimu alikuja akawasha dishi bila kuniomba. "Wanaonyesha marudio ya ile siku," alisema. "Na mimi kumbe niliongopewa." Tukatazama wawili, sebule kubwa.

Samaran alimtaja Ketan. Alisema kwa sauti ya ngurumo, na mara mbingu zikafunguka, mungu wao wa mvua akatokea juu ya wingu, akamnyeshea maua. Maua mekundu na meupe, mpaka yakamfika magotini. Mama yake akamsamehe palepale. Ketan mwenyewe akambusu miguu kabla ya kwenda zake uhamishoni.

"Safi sana!" Kasimu alisema.

Mimi sikupenda. Nilikuwa nimempenda Samaran yule wa tonge. Huyu wa maua simjui. Maua yanamwambia mtu kwamba amemaliza kulipa. Kwangu hakuna aliyemaliza. Cecilia anapita na ndoo yake njia ya mbali ili asipite mlangoni kwangu. Glory kaenda kwa mjomba wake Sumbawanga. Na sitaki kusema kwamba ningerudi nyuma ningekaa kimya, maana nisingekaa. Ila nilidhani ukifanya wajibu moyo unakuwa mwepesi. Nani alinidanganya hivyo?

"Mama Lau," Kasimu akasema, kachuchumaa anakusanya waya zake, "maua yenyewe ya plastiki yale. Umeyaona?"

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Jumapili, 30 Machi

Mvua zinapungua. Cecilia kanisalimia kanisani kwa kichwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Niliweka sahani ya Danford. Kuku wangu alikuwa mzuri.

Jumanne, 29 Aprili

Nilikuwa shambani nang'oa karanga. Zimezaa kweli mwaka huu. Nilisikia jembe linapiga ardhi upande wa pili, nikadhani ni jirani. Alikuwa Danford. Amekonda. Hakunisalimia, nami sikumsalimia, niliogopa kumkimbiza kama ndege. Aling'oa mstari wake, mimi wangu, tunakung'uta udongo, tunalaza mashina juani. Aling'oa haraka kuliko mimi, kisha akapunguza ili tuwe sambamba.

Tulipofika katikati akasema, bila kuinua kichwa, "Jina ulitoa wewe?"

"Mimi. Mwenye kazi hiyo hakupatikana."

Akang'oa shina, akang'oa lingine.

"La baba."

"La baba."

Tukaumaliza mstari. Mwishoni aliegemea jembe, akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, uso ukawa mweusi wote.

"Anaitika?"

"Danford, hajafika miezi mitatu. Mtoto haitiki mpaka kwanza aitwe sana."

Alitazama barabara ya Mpimbwe, iliyokauka tangu wiki iliyopita, malori yameanza kupita. Akaokota vitenga viwili vya karanga nilizochambua jana. Kimoja akakibeba mpaka kwangu, akakiweka mlangoni. Cha pili hakukiweka. Aliondoka nacho kuelekea stendi, na mimi sikumuuliza anakipeleka wapi.